Kwa Shangazi Yangu wa Benchi, Uliyekuwa Ukingoja Basi la Bungoma

Mpendwa Shangazi,

Saa hii tu Mghoi ameburura begi la mtu kutoka stoo ya Bi Zuhura, akalikalia hapo katikati ya mlango, akakunja nne kama mtu mzima, akanipungia mkono. "Kwaheri mama. Naenda Bungoma." Nimemwambia shuka, hicho ni kitu cha mwenyewe. Hakushuka. Akaniuliza, "Basi liko wapi?" Swali hilo nililiogopa kuliko mvua siku zile, na wewe ndiye uliyekuwa ukinijibia.

Bungoma haijui. Hata mimi sijafika. Jina amelipata kwangu, kwa habari zako ninazompa nikimlaza. Yeye hakukumbuki, alikuwa hata kukaa hajui. Lakini mapaja yako yalikuwa kitanda chake, na ile harufu ya mkonge iliyokataa kutoka kwenye leso yako ndiyo iliyokuwa ikimnyamazisha.

Nimemwondoa, nimerudisha begi mahali pake, nimempa kipande cha chapati atulie. Sasa nimekaa juu ya debe kando ya mlango wa kibanda cha chai cha Bi Zuhura nikiandika. Usishangae mwandiko, unajua shule yangu iliishia wapi. Mtangazaji mmoja wa redio ya huku, anayekunywa chai hapa, aliniambia, "Wewe andika, nitakusomea hewani, huwezi jua nani anasikiliza." Basi naandika. Mahali ulipo, kama kuna redio, na kama mwenye redio hajabadilisha stesheni, utanisikia. Majina ya watu nimeyageuza, na benchi sitasema ni la ofisi gani ya mabasi. Voi ina mabenchi mengi. Wewe utajua.

Leo kuna hesabu, Shangazi. Wanahesabu tena watu wanaolala nje. Na safari hii kuna kitu kinachongojewa: nyumba. Nyumba kweli, ya mawe, ina mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani. Iko nyuma ya kanisa moja, imekaa tupu tangu aliyekuwa akiishi humo ahame. Wenyewe wamesema iwe ya wanawake wasio na pa kulala, wao na watoto wao, lakini kwanza waonyeshwe kwamba hao wanawake wapo hapa Voi. Wasipoonekana leo, kuna mtu ameshaiomba iwe stoo ya saruji. Kwa hivyo ni watu au saruji. Jua limeanza kushuka upande wa vilima, na bado hajaja hata mmoja.

Wewe unajua kwa nini hawaonekani. Wewe ndiye uliyenifundisha nisionekane.

Unakumbuka jioni ile ya kwanza? Mwenye ploti alikuwa ameuza kiwanja chenye vyumba vyetu vya mabati kule karibu na reli. Mabati yaling'olewa tukiwa bado tunakunja nguo. Baba Mghoi alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi kabla mtoto hajazaliwa, na simu yake ilikuwa imeshaacha kuita. Nikaja stegi ya mabasi kwa sababu ndiko kuna taa. Upepo wa Voi unaujua, unaokota vumbi jekundu na kukupaka usoni kama mtu aliyekukasirikia. Nikakaa kwenye lile benchi, mtoto kifuani, na yule mzee mlinzi mwenye rungu akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe mama, unangoja nini?"

Nikamkaza mtoto kifuani, nikaanza kuinuka.

Wewe ulikuwa mwisho wa benchi na begi lako la bluu lililofungwa kamba ya mkonge, mimi nikidhani umelala. Ukasema bila kufungua macho, "Anangoja basi pamoja na mimi. Mimi ni shangazi yake."

Mzee akatuangalia. Wewe mrefu wa Bungoma, mimi Mtaita mfupi, hatufanani hata kucha.

"Shangazi wa upande gani?"

"Wa upande wa kungoja," ukasema.

Akacheka kwa puani, akaenda zake. Tangu hapo hukuwahi kuwa na jina lingine kwangu.

Mtu mwingine angenipa pole. Wewe ulinipa masharti. Viatu havivuliwi. Begi lisiwe mbali na mguu. Mtoto alale, lakini mama asijinyooshe hata mgongo uite vipi. "Aliyejinyoosha amelala, hata askari wa kanjo anajua," ukaniambia. "Anayesinzia ameketi, huyo anasafiri." Ulikuwa umekata mkonge miaka na miaka kule mashamba ya upande wa Mwatate, ukalala kwenye nyumba za kambi, na mikono ilipoanza kukataa kushika panga, kazi ikaisha na nyumba ikaisha siku hiyo hiyo. Ulisimulia hayo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Na lazima mtu awe na mahali anapoenda. Hapo ndipo nilipoharibu. Makanga aliniuliza, "Mama, wapi?" nami nikasema, "Mwatate," kwa sababu ndiko kwetu na ndilo jina lililokuwa karibu na mdomo. Kumbe gari la Mwatate liko hapo hapo linatafuta mtu mmoja lijae! Begi langu likanyakuliwa, mimi nikasukumwa, mtoto akapokelewa dirishani na mama nisiyemjua. Wewe ukapiga kelele mpaka stegi nzima ikageuka. "Rudisha msichana wangu! Haendi Mwatate huyo, huyo ni mjinga tu!" Makanga akaniteremsha akilalamika, "Mathe, mfundishe mtu wako anakoenda." Tukarudi kwenye benchi. Ulininunia kitambo, halafu nikaona mabega yako yanatikisika. Ulikuwa unacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mabati yang'olewe.

Ndipo ukanifundisha jambo lenyewe. "Chagua mahali ambapo basi lake limeshapita. Mimi naenda Bungoma kwa sababu la Bungoma hupita mapema. Nani atakupandisha basi lililokwisha kwenda?"

Mimi nikachagua Garissa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu huko hakuna mtu anayenijua.

Basi kila jioni yule mzee mlinzi akawa anapita mbele yetu na kuuliza kwa sauti kubwa, ili mkubwa wake wa ofisi asikie kule ndani, "Abiria wa Bungoma, basi limechelewa?"

"Limechelewa, mzee."

"Na la Garissa?"

"Limeharibika njiani, mzee."

"Poleni na safari." Akageuza mgongo, akakaa upande ule mwingine kabisa, asituone. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huko ndiko kutuaga kulala.

Unakumbuka pia Bi Zuhura alivyoanza kutuwekea mizigo? Ulikuwa umegundua kwamba mtu hawezi kuzunguka mitaani na begi akitafuta nguo za kufua. Mwenye nyumba akiona begi anajua huna pa kuliacha, na anakufungia geti. Ukaenda kwa Bi Zuhura ukijifanya unauliza tu bei ya mahamri. Akakutazama, akaangalia begi, akasema, "Mwanangu, mzigo wako leta niuweke stoo, jioni uje uuchukue. Na wenzako nao walete. Amana ni amana. Sitaki kujua mna nini humo, na nyie msinambie." Hivyo kila asubuhi mabegi yanaingia, kila jioni yanatoka. Mpaka leo ndivyo.

Siku Mghoi alipopata ile homa, nikataka kuvua viatu nikimbie barabarani nilie, wewe ulilowesha leso kwenye bomba la Bi Zuhura ukamfunga tumboni, ukawa unamwambia habari za kwenu. Miwa inayokatwa ikiwa na umande. Matope meusi, si mekundu kama haya. Jiko la mama yako lenye dirisha dogo. Nikakuuliza, "Shangazi, kwa nini usiende tu kweli?" Ukajibu, "Nitaingia na nini mkononi?" Sikukuuliza tena. Ilinipasa nikuulize tena, naona sasa. Ningekuambia ingia na mikono hiyo hiyo.

Halafu wakaja wale vijana wa hesabu ya kwanza, wenye fulana za kung'aa. Tuliwaona wakipita kwa wanaume waliolala kwenye makaratasi kando ya maduka, wakiinama, wakiuliza, wakibonyeza simu. Nikakunong'onezea, "Tuwaambie." Ukanishika goti, ukakaza. Kijana mmoja akafika kwetu, mpole kabisa.

"Shikamoo. Nyinyi mko na pa kulala leo?"

Ukanyoosha kitambaa chako cha kichwa. Ukakaa wima kama uko kanisani mbele. "Marahaba. Sisi ni abiria, mwanangu. Tunasafiri."

"Sawa mama. Safari njema."

"Amina," ukasema.

Akaenda. Ukasema, "Angalau ametubariki," na sauti yako haikuwa yako.

Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Nilijua ulikuwa unalinda nini. Benchi lilikuwa letu kwa sababu hatukuwa wa kulala. Na kuna kitu kingine ambacho hatukukisema: mchana kutwa watu walituona vile walivyotaka, lakini pale kwenye benchi tulikuwa watu wenye tiketi mfukoni, hata kama mfuko ulikuwa mtupu. Nani atamvua mtu hicho?

Lakini uliona kilichofuata. Baadaye wakatangaza katika mkutano wa watu kwamba Voi wanawake hawalali nje. Magodoro yakaja, blanketi zikaja, ukumbi ukafunguliwa, wakaingia wanaume peke yao. Wewe ukasimama ng'ambo ya barabara ukitazama magodoro yakishushwa, ukaniambia, "Tumejificha vizuri sana."

Siku chache baada ya hapo ulienda mtaa wa Birikani kutafuta nguo za kufua, begi ukaliacha kwa Bi Zuhura kama kawaida. Jioni tukangoja. Mzee akauliza, "Abiria wa Bungoma?" na hakuna aliyejibu. Tukatafuta hospitali, tukatafuta kituo cha polisi, nikaenda mpaka Mwatate na mtoto mgongoni kuuliza waliokujua kambini. Mmoja akasema alikuona sokoni Taveta ukibeba ndizi. Mwingine akasema uliolewa, akacheka. Mwingine akasema lori la mchanga lilikupa lifti. Sijui nishike lipi. Begi lako bado liko stoo, juu ya rafu. Nilitaka kulifungua, labda kuna namba ya mtu. Bi Zuhura akanizuia na mkono wake wenye unga. "Mwenyewe akija akakuta fundo limefunguliwa, utamwambia nini?" Nikaona ana haki. Pia nilifurahi, kwa sababu alisema akija.

Mimi Mungu amenisaidia. Bi Zuhura alinichukua nimsukumie chapati, nikalala stoo na mtoto mpaka nikapata chumba kidogo kule mtaa wa Sofia. Asubuhi ya kwanza chumbani niliamka nikajikuta nimeketi ukutani, viatu miguuni, begi katikati ya miguu. Mghoi yeye alikuwa amejinyoosha godoro zima, mikono huku, miguu kule, kama mwenye nyumba. Nilimtazama mpaka chai ya watu ikachelewa.

Sasa sikia ya leo.

Anayesimamia hesabu ni dada mmoja, nimwite Mercy. Alianza kuja kunywa chai, akaona mabegi yanaingia asubuhi na kutoka jioni, lakini hakuniuliza kitu kwa ujanja, aliniuliza wazi. "Mama Mghoi, hao abiria wanasafiri lini?" Nikamwambia aniache nifikirie. Nikakaa na hilo neno siku nzima, chapati zikiungua. Mwisho nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa abiria wa Garissa. Hakuandika. Alilia kidogo, akajipangusa na kunieleza sheria yao: anahesabiwa aliyeonekana amelala nje, au anayesema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hana pa kulala. Mtu hasemewi.

"Twende tu pale kwenye benchi," akasema.

Nikamwambia hapana! Mkubwa wa ile ofisi ameshaapa kwamba akigundua kuna watu wanalala pale atang'oa benchi na kumfukuza mlinzi. Tukienda pale na fulana za kung'aa, tunaweza kupata nyumba, na tunaweza kukosa nyumba na benchi pia. Na yule mzee atakula nini?

Ndipo nikafikiria mabegi. Nikamwambia Bi Zuhura, si tuhesabu mizigo tu? Kila mzigo una mwenyewe. Hakuna atakayesumbuliwa, na benchi halitaguswa. Nilidhani nimepata. Bi Zuhura aliweka chini mti wa kusukumia.

"Amana ya watu niipigie tarumbeta? Wallahi sifanyi. Wamenipa nifiche, nami nifichue?"

"Lakini Bi Zuhura, ni kwa faida yao."

"Wewe umekuwa wao?"

Nikarudi kwenye chapati. Baadaye akarudi kwa sauti ya chini, akikanda unga bila kuniangalia. "Mwenye mzigo na aje mwenyewe, auwekee mkono wake, aseme huu wangu na mimi silali popote. Hapo nitakuwa sijasema mimi, atakuwa amesema mwenyewe. Na mlango nitaufunga, mtu asichungulie."

Mercy akakubali. Ikabaki kuwaambia wenyewe, na hiyo kazi ni yangu.

Nilienda jana asubuhi wakinawa bombani. Mkubwa wao sasa ni mwanamke mmoja, nimwite Chao, ana ulimi kama majani ya mkonge, ungempenda. Yuko na msichana aliyefika juzijuzi, nimwite Pendo, mimba iko karibu. Na wengine ambao siwataji. Nikaeleza yote, nyumba, mlango, mkono juu ya begi. Chao akakamua leso yake mpaka tone la mwisho.

"Ati mlango unafungwa kwa ndani?"

"Kwa ndani."

"Na kwa nje je, nani ana ufunguo?"

Nikasema nitauliza.

"Unaona? Umepata chumba na sasa umekuwa serikali. Kesho utatuletea fulana tuvae." Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, ila iliniuma. Kisha akasema lililokuwa ndani kabisa. "Mama Mghoi, nikishasema mimi silali popote, mbele ya mtu wa simu, je, nikirudi kwenye benchi nitaketi vipi? Mzee akiniuliza basi, nitamjibu nini?"

Pendo ndiye aliyeuliza la mwisho, akijishika tumbo. "Watachukua mtoto?"

Nilikimbia kwa Mercy na maswali yote mawili. Kuhusu ufunguo akasema utakaa na wanawake wenyewe, watachagua mmoja wa kuushika. Kuhusu mtoto akasema hapana, hakuna mtoto anayechukuliwa, ndiyo maana nyumba ni ya mama na watoto. Nikarudi nikawaambia. Chao akaniangalia, akaondoka. Sijui alisikia kama ahadi au kama uongo. Shangazi, hata mimi sijui. Namwamini Mercy kwa macho yake, na mimi si mtu wa kusoma macho vizuri, kama ningekuwa, ningemsoma baba Mghoi.

Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukaa nikitafuna kucha. Mercy yuko ndani na chai iliyopoa. Amesema giza likiingia lazima aende upande wa reli kwa wanaume, wenzake wanamngoja, na hesabu itafungwa. Bi Zuhura ameshaswali alasiri na sasa anapanga vikombe vilivyopangwa. Kila anayepita mlangoni tunainua vichwa. Muuza maji. Mtu wa boda anataka chenji. Chao nimemwona mwenyewe akipita ng'ambo ya barabara, hakugeuka. Pendo yuko kwenye benchi, naliona tumbo lake kutoka hapa.

Nakuuliza, Shangazi, ungesema nini? Najaribu kusikia sauti yako na nasikia mbili. Moja inaniambia, kaa kimya, msichana, usimtoe mtu kwenye benchi kabla hujamwonyesha kitanda. Nyingine ni ile ya ng'ambo ya barabara, siku ya magodoro. Wewe ulinifundisha kudanganya vizuri mpaka nikabaki hai, na leo naomba wenzetu waseme kweli mbele ya mgeni. Kama nimekosea, watakaolala na kosa langu ni wao, mimi nina chumba.

Lakini pia nina matumaini, siwezi kuyaficha. Jana baada ya kazi nilipita nyuma ya kanisa nikashika ule mlango. Mzito. Una makomeo mawili. Nikapiga hesabu kichwani ya godoro litakalotosha kila upande, na pa kuanika nepi, na jiko la makaa karibu na dirisha ili moshi utoke. Nikamwona Pendo humo na mtoto wake amejinyoosha. Nikakuona na wewe, umevua viatu.

Nilimwomba Mercy ahesabu begi lako. Nikasema mwenyewe namjua, nasema kwa niaba yake. Akanijibu kwa upole kwamba asiyekuwepo hahesabiwi. Basi nakuomba uje. Kama uko Taveta, Taveta si mbali. Kama uliolewa, njoo na mume tumwone. Kama ulifika Bungoma, nitafurahi mpaka niumwe, ila tuma hata salamu kwa redio. Uje na mikono mitupu, mimi nakuambia sasa nililoshindwa kukuambia wakati ule. Chumba changu ni kidogo, lakini sakafu inatosha wawili, na Mghoi ana mapaja ya kuyazoea upya.

Ngoja niage kabisa, maana nikiitwa sitarudi kwenye karatasi. Popote ulipoketi jioni hii, naomba uwe umeegemea ukuta wa mtu anayekupenda.

Mimi msichana wako, abiria wa Garissa,
Mama Mghoi

Shangazi, bado niko. Pendo ameinuka. Amesimama mbele ya benchi, ameshika kiuno. Yule mzee amemwona. Hajamuuliza basi. Ameokota rungu lake na kiti chake, amekaa upande ule mwingine, mgongo kwetu. Pendo anavuka. Amesimama katikati ya barabara kama amesahau kitu, boda zinampigia honi, na mimi siwezi kumwita kwa sababu mtu haitwi, anakuja mwenyewe. Mungu wangu, anarudi nyuma. Hapana. Kuna mtu amemshika mkono, ni Chao, katokea upande wa duka la mbegu, na nyuma yake wako wengine, leso nazifahamu, sioni vizuri ni wangapi, wanakuja pamoja wakitembea katikati ya barabara kukiwa bado kweupe, kila mtu akiwaona, na Chao ameshaniona hapa nilipokaa, anaita kwa sauti ya stegi nzima, "Mama Mghoi! Wacha kuandika, njoo utufungulie stoo, mwambie huyo dada wa simu tuko", naenda Shangazi, wamefika mlangoni na Chao amewaambia wavue viatu